Maji, chumvi na kipindupindu: jinsi mwili unavyopoteza mizani yake

Kila msimu wa mvua unapoanza katika pwani yetu ya Lindi, maswali ya wasikilizaji kuhusu kuharisha huongezeka. Wengi huuliza dawa ya kufunga tumbo. Wachache huuliza swali lenye uzito zaidi: inakuwaje mtu mzima anayelala akiwa na nguvu zake aanze kuharisha usiku, na kufikia adhuhuri awe amefariki? Wakati huohuo wanafunzi wa utabibu na uuguzi hutuomba tueleze kwa Kiswahili somo la elektroliti na asidi ya damu, ambalo darasani wanalisoma kwa Kiingereza na wengi hulikariri tu ili wafaulu mtihani. Kwetu sisi hayo ni maswali mawili yenye jibu moja, kwa hiyo tunayajibu pamoja.

Sisi ni watangazaji, si madaktari. Makala haya ni ya kumsaidia mwanafunzi aelewe, na kumsaidia mzazi ajue kwa nini muuguzi anamsisitizia vipimo. Hayachukui nafasi ya mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya wala ya mwalimu wako wa wodini.

Kilwa, Februari 1859

Pwani hii na kipindupindu wanafahamiana siku nyingi. Februari 1859, msafiri Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke, wakiwa wametoka safari yao ya Ziwa Tanganyika, walishuka Kilwa na kukuta ugonjwa huo umeushika mji. Kilwa Kivinje ilikuwa wakati huo bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Katika kitabu chake juu ya Zanzibar kilichotoka mwaka 1872, Burton alieleza maiti zilizolala mabondeni bila kuzikwa na nyingine zilizoburutwa mchangani hadi majini. Miaka kumi baadaye, 1869, ugonjwa ulirudi, safari hii ukipitia bara na Pangani kabla ya kuipiga Zanzibar. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alifuatilia njia zake na kuchapisha kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki mwaka 1876.

Kinachouma ni hiki. Mwaka 1831 kijana mmoja daktari, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu Uingereza akagundua kuwa imepoteza maji, chumvi na ule upande wake unaopunguza asidi. Mwaka uliofuata, 1832, Thomas Latta wa mji wa Leith, Scotland, akawatia wagonjwa maji ya chumvi kwenye mshipa. Baadhi ya waliokuwa wakikata roho walikaa kitandani wakazungumza. Wengine walifariki baadaye, kwa sababu maji hayakuwa safi na hayakuendelezwa, na tiba hiyo ikasahaulika. Yaani wakati Kilwa inazika watu wake, jawabu lilikuwa limeandikwa kwenye majarida ya madaktari kwa miaka 27. Na ona mpangilio wake: upotevu wa chumvi ulijulikana zaidi ya miaka 20 kabla Filippo Pacini hajakiona kijidudu chenyewe kwenye hadubini mwaka 1854.

Ugonjwa haukuondoka moja kwa moja. Katika mlipuko wa saba wa dunia, Tanzania iliripoti wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1974, na mlipuko mkubwa ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa sehemu kubwa ya nchi. Hivyo hatusimulii mambo ya kale tu.

Maji ya ndani na maji ya nje

Elektroliti ni madini yaliyoyeyuka katika maji ya mwili yakawa na chaji ya umeme. Yanayotuhusu hapa ni sodiamu, potasiamu, kloridi na baikaboneti. Mwanamume wa kilo 60 ana takriban lita 36 za maji mwilini. Theluthi mbili zimo ndani ya seli, theluthi moja iko nje yake, na katika hiyo ya nje ni lita tatu hivi tu zinazozunguka kwenye mishipa kama sehemu ya majimaji ya damu.

Sodiamu hukaa nje ya seli, ambako kiwango chake cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Potasiamu hukaa ndani, ambako hufika kama milimoli 140, ilhali kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5.0 tu. Tofauti hiyo haijiweki yenyewe. Katika ukuta wa kila seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, mchana na usiku, kwa nguvu inayotokana na sukari na oksijeni. Mvuvi wa Sudi ataelewa haraka: ngalawa yenye ufa mdogo haizami maadamu kuna mtu anafua maji. Akiacha kufua, bahari inaingia.

Kutokana na hapo mwanafunzi apate jambo moja litakalomwokoa baadaye. Asilimia 98 hivi ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli. Maabara inapokupa namba ya potasiamu, inakupa habari za asilimia mbili iliyobaki. Ni sawa na kukisia mavuno ya kijiji kwa kuangalia kapu lililoachwa mlangoni.

Kinachotoka na kinachorudishwa

Sumu ya kijidudu cha kipindupindu hailichani tumbo wala haiharibu seli za utumbo. Inafungua mfereji wa kloridi na kuuacha wazi. Kloridi hutoka, sodiamu huifuata, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kutoa hadi lita moja kwa saa. Kile kinyesi kinachofanana na maji yaliyooshea mchele, kwa mtu mzima, huwa na sodiamu takriban milimoli 130 kwa lita, potasiamu 15 hadi 20, na baikaboneti karibu 45. Kwa mtoto sodiamu ni pungufu kidogo na potasiamu ni zaidi.

Angalia namba hizo tena. Sodiamu inayotoka inakaribia ile ya damu, kwa hiyo mwanzoni kipimo cha sodiamu kinaweza kuonekana cha kawaida huku mgonjwa akiwa amekauka. Potasiamu inayotoka ni mara nne au zaidi ya ile iliyomo kwenye damu. Baikaboneti inayotoka ni karibu mara mbili. Mtu wa kilo 60 mwenye upungufu mkali amepoteza asilimia 10 ya uzito wake, yaani lita sita, na ndani yake chumvi ya namna zote tatu.

Ndiyo maana dripu si dripu tu. Ile ya Ringer lakteti ina sodiamu 130 hivi, potasiamu 4 na lakteti 28, na lakteti hiyo ini huigeuza kuwa baikaboneti. Kati ya dripu za kawaida, hiyo ndiyo inayokaribia zaidi kile kilichotoka, ingawa potasiamu yake haitoshi. Maji ya chumvi ya kawaida, yenye sodiamu 154 na kloridi 154, hurudisha mzunguko wa damu lakini hayana potasiamu wala kitu cha kupunguza asidi. Kama ndiyo pekee yaliyopo yatumike, na ORS ianze mapema mgonjwa anapoweza kunywa. Dekstrosi ya asilimia tano peke yake haifai kabisa kwa kazi hii. Sukari yake hutumika haraka na kinachobaki ni maji matupu, ambayo huingia ndani ya seli na kuacha mishipa vilevile ilivyokuwa.

Mlango wenye funguo mbili

Kwa muda mrefu madaktari waliamini utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu haufyonzi kitu. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kuwa kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja: kimoja kinamvuta mwenzake, na maji yanafuata. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kuwa wagonjwa waliokunywa mchanganyiko wa chumvi na sukari walihitaji dripu kidogo sana kuliko wenzao. Kisha mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, dripu ziliisha katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4.

Paketi ya ORS ya leo inafuata kanuni iliyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002. Katika lita moja ina chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti 2.9. Kwa milimoli: sodiamu 75, glukosi 75, potasiamu 20, sitreti 10. Sodiamu na glukosi zinalingana kwa makusudi, ili mlango huo ufanye kazi vizuri. Ukiongeza sukari ili mtoto afurahie ladha, sukari isiyofyonzwa inabaki utumbini na kuvuta maji yatoke, na kuharisha kunaongezeka.

Mchanganyiko wa nyumbani, pale paketi inapokosekana, ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Hauna potasiamu wala sitreti. Ni wa kuvukia hadi zahanati.

Maji ya visima vya pwani

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa na watu wasiokaa ufukweni.

Sudi iko kwenye ghuba yake kati ya Lindi na Mikindani, ghuba yenye mikoko ambamo meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilijificha mwaka 1916. Kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, visima vilivyo karibu na bahari huelekea kuwa na maji ya chumvichumvi, hasa kiangazi kinapokolea. Wenyeji wamezoea, maji hayo huyatumia kuoshea na pengine kupikia. Lakini paketi ya ORS imepimwa kwa maji yasiyo na chumvi. Tufanye hesabu. Ikiwa maji ya kisima yana gramu 2 za chumvi kwa lita, gawanya 2 kwa 58.5 upate milimoli 34 za sodiamu. Ongeza 75 za paketi: tayari mtoto anakunywa 109. Na ikiwa mama amemwaga paketi ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita, ambalo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, sodiamu ni 150 na sukari ni maradufu hata kwa maji baridi ya mvua.

Matokeo yake ni sodiamu kupanda kwenye damu. Maji hutoka kwenye seli, zikiwemo za ubongo, kuifuata chumvi iliyo nje. Mtoto anakuwa na kiu kali, analia kwa ukali usio wa kawaida, halafu analegea, na anaweza kupata degedege. Kinachomdanganya mwanafunzi ni kwamba dalili za kukauka hazionekani kwa kiwango chake halisi: kwa kuwa maji ya seli yanahamia nje, mishipa bado ina kitu, ngozi inaonekana nzuri au ina ulaini kama wa unga uliokandwa. Sodiamu ya namna hii hushushwa polepole, si zaidi ya milimoli 10 hadi 12 kwa siku. Ukiishusha kwa pupa, maji yanarudi kwa kishindo kwenye seli za ubongo na kuzivimbisha.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa kaya za pwani: onja maji kabla ya kutia paketi. Kama yana chumvi kabla hujaanza, tafuta mengine, ya mvua au ya bomba, yachemshwe au yatiwe dawa. Pima lita kwa chupa mbili za maji za nusu lita, si kwa kukadiria jagi. Soma paketi imeandikwa kiasi gani cha maji. Na kama unatumia chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya chumvi, itwange kwanza, maana punje kubwa kwenye kijiko hazilingani na chumvi laini. (Habari za madini joto kwenye chumvi hiyo ni somo jingine kabisa.) Mchanganyiko ukishakuwa tayari, usiwe na chumvi kuzidi machozi.

Upande wa pili upo pia, na tunahisi hauzungumzwi vya kutosha. Mgonjwa anayepewa maji matupu, chai na uji usio na chumvi kwa siku mbili anarudisha maji bila sodiamu. Damu inakuwa nyepesi, maji yanaingia kwenye seli, ubongo unavimba. Anasinzia, anachanganyikiwa, anapata degedege. Katika ukanda wetu, degedege huitwa malaria kabla mgonjwa hajaguswa. Kipimo cha haraka cha malaria kifanywe, ndiyo, na cha sukari kifanywe palepale, lakini historia ya kile alichokunywa iulizwe kwa ndugu mmoja mmoja. Sodiamu iliyoshuka kwa siku kadhaa nayo haipandishwi kwa haraka: si zaidi ya 8 hadi 10 kwa siku, la sivyo utando wa neva katikati ya ubongo unaweza kuharibika. Aliye katikati ya degedege kwa sababu hiyo ni suala jingine. Huyo anahitaji chumvi nzito kwa kipimo kidogo, hospitalini, chini ya uangalizi.

Dafu linatibu nini?

Hakuna kipindi tunachozungumzia kuharisha bila msikilizaji kuuliza kuhusu madafu. Bibi zetu huyatoa kwanza, na si wajinga. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, mara mbili ya ORS au zaidi, ingawa inategemea umri wa dafu. Sodiamu yake kwa vipimo vingi iko chini sana ya ile ya ORS. Kwa hiyo dafu linajibu nusu ya swali. Mtu mzima anayeharisha kidogo na anayekula ugali na mchuzi wenye chumvi, dafu linamsaidia. Mgonjwa wa kipindupindu akipewa madafu pekee anapata potasiamu na kukosa kile kinachobeba damu yake. Ampe nani? Mpe kama nyongeza ya ORS, kama ndizi zinavyopewa.

Potasiamu ikipungua, misuli inalegea, tumbo linavimba na kunyamaza, mapigo ya moyo yanapotea mpangilio. Wazazi husema tumbo "limejaa upepo", na mwanafunzi anayeweka sikio asisikie mlio wowote wa utumbo anapaswa kufikiria potasiamu. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo wimbi la T linalala na wimbi dogo la U linajitokeza baada yake.

Sasa tahadhari, na hii isisahaulike. Mgonjwa ambaye shinikizo lilishuka kwa muda mrefu anaweza kuwa na figo zilizosimama. Figo ndizo zinazotoa potasiamu. Kumpa mtu asiyekojoa madafu kumi, au dripu yenye potasiamu, ni kumpandisha potasiamu hadi moyo usimame. Dalili kwenye kipimo ni wimbi la T lililochongoka kama hema. Kloridi ya potasiamu ya kwenye chupa ndogo haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa, kamwe, kwa sababu yoyote ile; huchanganywa kwenye dripu na kuingia taratibu, kwa kawaida si zaidi ya milimoli 10 kwa saa pasipo mashine ya kuangalia moyo. Potasiamu iliyopanda kwa hatari hutibiwa kwa kalsiamu glukoneti kulinda moyo, kisha insulini pamoja na glukosi, na salbutamoli, ili irudishwe ndani ya seli wakati chanzo kinashughulikiwa.

Pumzi ndefu isiyo ya mapafu

Baikaboneti inapotoka na kinyesi, asidi inabaki. Mwili unajaribu kuitoa kwa njia ya hewa, kwa hiyo mgonjwa anapumua kwa kina na kwa haraka, pumzi ndefu zisizokatika. Mtoto wa namna hiyo akifika zahanati anahesabiwa pumzi, zinazidi kiwango, anaandikiwa nimonia. Lakini hana kikohozi, kifua chake ni safi, na ana macho yaliyozama. Huyo anahitaji maji na chumvi.

Asidi hiyo inaficha jambo jingine. Damu inapokuwa na asidi, potasiamu hutoka kwenye seli na kuingia kwenye damu. Unapima unapata 4.2, unafurahi. Unamrudishia maji, asidi inapungua, potasiamu inarudi ndani ya seli, na baada ya saa chache ni 2.6 na mgonjwa hawezi kuinua shingo. Hapo ndipo lile kapu la mlangoni linapokudanganya.

Mwanafunzi aliye kwenye hospitali yenye maabara ajifunze hesabu moja fupi: sodiamu, toa jumla ya kloridi na baikaboneti. Jibu la kawaida ni kati ya 8 na 12. Kwenye kuharisha, baikaboneti hushuka na kloridi hupanda kuchukua nafasi yake, kwa hiyo jibu huwa la kawaida: kwa mfano 134 toa 112 na 12, inabaki 10. Sasa chukua mgonjwa mwingine anayepumua vilevile: sodiamu 130, kloridi 96, baikaboneti 8. Inabaki 26. Kuna asidi ya ziada isiyopimwa, na ya kwanza kuifikiria ni ketoni za kisukari. Ingawa usisahau kwamba mgonjwa wa kipindupindu aliyezimia kwa kukosa damu ya kutosha naye huzalisha asidi ya lakteti, na hesabu yake inaweza kupanda.

Huyo wa kisukari ndiye tunayemhofia zaidi vijijini. Ni kijana aliyekonda kwa wiki kadhaa, anayekunywa maji mno na kukojoa mno, sasa anatapika, tumbo linauma, amekauka, anapumua kwa kina. Anaweza kutibiwa malaria, kisha tumbo, kisha kupelekwa kwa mganga. Tone moja la damu kidoleni lingetosha kumtambua. Naye amepoteza potasiamu kwenye mkojo kwa siku nyingi ingawa ya damuni inaonekana nzuri. Insulini ikiingia inaisukuma potasiamu ndani ya seli, kwa hiyo kanuni ni kuanza na maji, kuangalia potasiamu, na ikiwa chini ya 3.3 hivi insulini isubiri hadi potasiamu irudishwe.

Na sukari inaposhuka? Kwa mtoto mdogo aliyeharisha bila kula, hasa mwenye utapiamlo, akiba ya ini inaisha mapema. Analegea, anapoteza fahamu, na mara nyingi hatoi dalili nyingine. Pima sukari ya kila mtoto aliyelegea. Wale wenye utapiamlo mkali wana kanuni zao: miili yao ina sodiamu nyingi na potasiamu kidogo, na moyo usiobeba maji mengi, kwa hiyo hupewa mchanganyiko maalumu wenye sodiamu pungufu. Wakiwa na kipindupindu, hurudi kwenye ORS ya kawaida.

Zahanati isiyo na mashine

Zahanati kwa kawaida haina mashine ya kupima elektroliti, na mgonjwa wa kipindupindu hawezi kungoja majibu yatoke mjini. Macho, mikono na saa ya ukutani vinafanya kazi kubwa.

Mtoto asiye na dalili za kukauka hupewa ORS nyumbani: aliye chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Mwenye macho yaliyozama, asiyetulia, mwenye kiu, ambaye ngozi ya tumbo ikibanwa inarudi polepole, hupewa mililita 75 kwa kila kilo kwa saa nne, kwa kijiko au kikombe, akiwa anaangaliwa. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee taratibu. Aliyelegea kabisa, asiyeweza kunywa, mwenye mapigo hafifu, huyo ni wa dripu ya mililita 100 kwa kilo. Kwa mwenye mwaka mmoja na zaidi, 30 za kwanza ziingie ndani ya nusu saa na 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, 30 kwa saa moja na 70 kwa saa tano. Ziwa la mama halikatizwi. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wa chini ya miezi sita.

Usipopata mshipa, mpira wa puani unapitisha ORS vizuri wakati gari linatafutwa. Na mgonjwa anayeondoka aondoke na ORS ya njiani, maana kutoka kijiji cha ghubani hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa anaendelea kupoteza kila dakika.

Kwenye karatasi ya rufaa andika alichokunywa, kiasi gani na maji yalitoka wapi, amepata dripu gani na saa ngapi, na mara ya mwisho alikojoa lini. Daktari wa upande wa pili ataitafuta hiyo ya mwisho kwanza. Mkojo ukiwa umeanza kutoka baada ya maji kurudishwa, potasiamu inaweza kuongezwa bila hofu kubwa. Kama saa sita zimepita na hakuna hata tone, madafu yawekwe kando na dripu yenye potasiamu ifungwe mpaka damu ipimwe.